Kiu Kando ya Mto

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba katika ukurasa huu tungeendelea na habari za chanjo za watoto. Tunaomba radhi, ahadi hiyo tumeiweka kando kwa mwezi mmoja. Tumepokea barua tatu kutoka kwa wasomaji waliosikia kwamba tulikwenda kutembea jangwani kwa miguu, na kulala huko huko, nao wanauliza: mwanamke mwenye mume, watoto na kazi ya zamu, anatafuta nini jangwani? Swali ni la haki. Tutalijibu kwa kusimulia siku moja tu ya safari ile, siku ya pili, kwa kuwa ndiyo siku iliyotutia aibu sisi tulio wauguzi.

Ilikuwa mwezi wa Juni 2023, kusini mwa nchi ya Namibia, katika korongo la Mto Fish. Mwenyeji wetu ni dada aliyezaliwa Kongwa, Dodoma, miaka ile wapigania uhuru wa SWAPO walipokuwa na kambi yao pale. Mama yake ni Mgogo, baba yake Mnamibia. Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990 alimfuata baba yake, akaolewa huko, lakini Kiswahili chake hakijapotea hata kidogo. Yeye ndiye aliyetualika, na yeye ndiye aliyesema tusije kukaa Windhoek kunywa chai tu.

Tulikuwa saba: wanawake watano, Mchungaji wetu, na mzee mmoja mwenyeji wa Keetmanshoop aliyekwisha kuipita njia ile mara nyingi. Wenyeji walimwita "Oom", yaani mjomba, nasi tukamwita vivyo hivyo.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuliona, korongo hilo ni ufa mkubwa mno katika nchi kavu. Lina urefu wa kilometa kama 160, mahali pengine upana wake hufika kilometa 27, na kina chake ni hadi meta 550. Njia ya kutembea kwa miguu huanza karibu na kambi ya Hobas, hushuka hadi chini kwa mto, kisha hufuata mto huo kwa kilometa zipatazo 85 hadi Ai-Ais penye chemchemi za maji ya moto. Watu wengi hutumia siku nne au tano. Humo ndani hakuna duka, hakuna bomba wala kibanda. Unabeba chakula chako na kitanda chako mgongoni, na maji unayachota mtoni na kuyachemsha. Njia hufunguliwa kuanzia tarehe 1 Mei hadi katikati ya Septemba tu, kwa maana wakati wa kiangazi chao joto hupita nyuzi 40. Mtoto aliye chini ya miaka 12 haruhusiwi. Kundi la watu wawili haliruhusiwi. Na kila mmoja sharti awe na cheti cha daktari kwamba afya yake inafaa.

Vyeti tulikuwa navyo. Wote tulipimwa shinikizo la damu, moyo ukasikilizwa, magoti yakakunjwa na kukunjuliwa. Tulikuwa tumejaa kiburi cha vyeti hivyo.

Siku ya kwanza tulishuka. Sehemu za juu zimefungwa minyororo ya kushikilia, nawe unateremka kinyumenyume ukiwa na shanta la kilo 14 linalotaka kukutupa. Tulifika chini magoti yakicheza kama ya watoto wanaojifunza kusimama, tukatembea kidogo, tukalala mchangani bila hema, kila mtu katika mfuko wake wa kulalia. Hatutasema mengi juu ya nyota za usiku ule, maana kila tukianza kuzieleza mume wetu huondoka mezani.

Asubuhi ya siku ya pili baridi ilikuwa kali. Kipimo cha Oom kilisoma nyuzi 5. Tena huko mwezi wa Juni jua huchelewa sana, na ndani ya korongo huchelewa zaidi, kwa hiyo saa mbili asubuhi bado tulikuwa kivulini tunapuliza vidole. Dada mwenyeji alipika uji kwenye jiko dogo la gesi. (Mama Mchungaji alikuwa amebeba kilo mbili za sembe kutoka nyumbani, asithubutu kumwambia mtu hadi siku ya tatu.) Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, alikunywa uji nusu kikombe, akasema ameshiba. Tulimwona. Tukadhani ni uchovu.

Sehemu ile ya njia ndiyo ngumu kupita zote. Kwanza ni mawe, mengine makubwa kama lori, unayapanda kwa mikono na kuyashuka kwa makalio. Yakiisha mawe unaingia katika mchanga mlaini unaomeza kiatu, kisha mawe tena. Mto wakati ule haukuwa ukipita kwa nguvu. Ulikuwa madimbwi marefu ya kijani, yaliyotulia kabisa, na kingo zake zina nyayo za nyani. Tuliona mbuzi mawe wawili wamesimama kwenye jabali kwa ncha za kwato. Mavi ya punda milia wa milimani yalikuwa kila mahali, lakini punda milia wenyewe hawakujionyesha.

Saa nne tulipumzika. Mwalimu akatuomba dawa ya kichwa. Tukafungua mkoba, tukampa vidonge viwili vya parasetamoli, akavimeza kwa funda moja la maji. Hatukumwuliza neno. Akina mama, hilo ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekaripiwa wodini mbele ya wagonjwa! Mtu anatembea jangwani, kichwa kinamwuma, nawe muuguzi wa miaka ishirini unampa kidonge kana kwamba yuko dirishani kwenye zahanati. Bahati ilikuwa parasetamoli, maana ziko dawa nyingine za maumivu, zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, ambazo zinaweza kuumiza figo mwili ukiwa umekauka.

Kilichotudanganya ni baridi. Sisi tuliokulia nchi ya joto lenye unyevu tumezoea kwamba mtu anayepoteza maji anaonekana: gauni limelowa, uso unang'aa. Jangwani hewa ni kavu hata jasho hukauka kabla hujaliona. Mgongo wa Mwalimu ulikuwa mkavu. Tulipopita nyuma yake tuliona mistari myeupe ya chumvi kwenye blauzi yake, tukafikiri ni vumbi.

Saa saba na nusu mchana, katika kushuka jiwe ambalo lilikuwa dogo tu, alikaa. Hakuanguka, alikaa kama mtu anayekaa kitini, shanta likamvuta nyuma akalala chali. Alipojaribu kusimama macho yakamfunga kiza. Mchungaji, ambaye Oom alikuwa amempanga kutembea wa mwisho ili mtu asiachwe, alimkamata mkono.

Tulimweka kwenye kivuli cha jabali tukampima. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu. Mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika naye amelala. Tulipomkalisha yakapanda hadi 130 na kizunguzungu kikarudi. Joto la mwili lilikuwa 37.4, kwa hiyo halikuwa lile pigo la joto linaloua kwa saa chache. Alijua jina lake, siku na mahali alipo. Basi tukawaomba wanaume wasogee mbali, tukamwuliza swali ambalo tulipaswa kumwuliza asubuhi.

"Mwalimu, mara ya mwisho umejisaidia saa ngapi?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Usiku, dada. Mlipolala."

"Na tangu usiku?"

"Hapana."

"Maji je, umekunywa kiasi gani?"

Akaonyesha chupa yake. Ilikuwa chupa ya lita moja na nusu, na ilikuwa imejaa hadi shingoni isipokuwa mafunda machache. Yaani mto ulikuwa hatua thelathini kutoka pale, maji safi yaliyochemshwa alikuwa nayo mgongoni, ameyabeba tangu asubuhi, kilo moja na nusu nzima, naye alikuwa anakauka.

"Kwa nini, mwenzetu?"

Akafunika uso kwa kanga. "Ningekwenda wapi, dada? Mchungaji yuko nyuma yangu tangu jana. Nikikaa nyuma ya jiwe atasimama kunisubiri. Ndiye aliyenifungisha ndoa, ndiye aliyebatiza wanangu. Bora kiu."

Tukawatazama wenzetu. Mama Mchungaji akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye amekuwa akinywa kidogo kidogo, kwa sababu ya Oom. Dada mwenyeji naye vivyo hivyo. Na sisi? Msituulize. Tangu tuondoke Hobas tulikuwa tumekagua miguu ya watu kila jioni, tumepasua malengelenge, tumegawa plasta, lakini hatukuwa tumetamka neno mkojo hata mara moja, kwa kuwa nasi tulikuwa tunahesabu mafunda. Wanawake watano wazima, watatu kati yao wamesoma chuo, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mwanamume, "Tangulieni mbele kidogo."

Matibabu yenyewe mnayajua, kwa kuwa ndiyo yale yale mnayowapa watoto wanaoharisha. Tulikuwa na pakiti nne za ORS. Tulimpa mafunda mawili kila baada ya dakika chache, si chupa nzima kwa mkupuo, maana angetapika yote. Msomaji asiye na pakiti anaweza kuchanganya nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Aonje kwanza. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, ayamwage aanze upya.

Tena hapa lazima tuonye, tusije tukaeleweka kwamba maji hayana kipimo. Mtu anayetembea siku nzima akijaza tumbo maji matupu lita baada ya lita, pasipo chumvi wala chakula, anaweza kuizimua chumvi ya damu yake. Naye pia ataumwa kichwa, atatapika, atachanganyikiwa, hata kupata degedege. Ndiyo sababu ya kula karanga zenye chumvi na biskuti njiani.

Tatizo kubwa lilikuwa njia. Simu za mkononi humo hazishiki. Nyuma yetu ni yale mawe na ile minyororo. Mbele, mwendo wa saa mbili au tatu, ziko chemchemi za moto ziitwazo Palm Springs, na hapo ipo njia ya dharura ya kupanda kutoka korongoni, lakini ni kupanda kwelikweli, si kwa mtu ambaye akikalishwa anaona giza. Oom alitaka tusonge polepole tukalale chemchemi. Tulikataa. Ni mara ya kwanza katika safari ile tulisema neno kwa sauti ya wodini, na yule mzee akakubali bila ubishi. Tukapatana hivi: tunalala hapa. Jua likizama na Mwalimu hajapata mkojo, au akitapika, au akipata homa na maumivu ya mgongo upande wa figo, Oom na Mchungaji watatangulia na tochi hadi njia ile ya dharura kuitafuta msaada. Kumbeba mtu usiku juu ya mawe yale lingekuwa jambo la kumvunja yeye na wabebaji.

Kisha ikabaki kumwambia Mchungaji sababu. Tulikwenda kwake na Mama Mchungaji. Hatukupamba. Alisikiliza, akavua kofia, akakaa kimya akitazama maji. Halafu akasema, "Nesi, nimekuwa nikitembea nyuma yake nikimwombea asianguke." Hakuongeza neno. Akaenda kwa Oom, na tangu pale utaratibu ulibadilika: wanaume mbele, nao wakifika kwenye kona ya mto wanapita kona hiyo kabla ya kupumzika. Wanawake nyuma, na anayekuwa wa mwisho ana kanga mbili shingoni. Kanga zikishikwa na wenzako wawili ni choo bora kuliko vingi tulivyoviona vituo vya mabasi. Shimo linachimbwa mbali na maji, karatasi inafungwa mfukoni na kurudi nayo. Jambo lote huchukua dakika nne. Tulilipima.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Kivuli cha ukuta wa pili kilivuka mto kikatufikia, baridi ikarudi. Saa kumi Mwalimu alikuwa amekunywa lita moja na robo, mapigo 98. Alianza kuongea, akauliza kama nyumbani wamekumbuka kumpa kitindamimba dawa yake ya pumu. Hiyo ni dalili nzuri, ingawa haimo katika vitabu. Mkojo hakuna.

Tukikaa pale tukisubiri, mazungumzo yalihama jangwani yakaenda nyumbani. Mama Mchungaji alisema akisafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam huacha kunywa kitu tangu jioni ya kabla, kwa sababu basi likisimama porini wanaume hushuka na kuligeukia tairi, nao wanawake wanaangaliana. Mwalimu akasema wasichana wa darasa la saba shuleni kwake hawanywi maji hadi warudi nyumbani, kwa kuwa mlango wa choo cha wasichana ulivunjika na haujarudishwa. Aliyasema haya akiwa amelala chali na kikombe cha ORS mkononi, kisha akacheka mwenyewe. Nasi tukakumbuka zamu za usiku, wauguzi watatu kwa wodi nzima, asubuhi unatambua kwamba hujaketi chooni tangu saa mbili ya jana. Mwanamke mrija wake wa mkojo ni mfupi, wadudu hawana mwendo mrefu wa kufika kwenye kibofu. Akikaa na mkojo, tena akinywa kidogo, huwapa nafasi ya kuzaana. Ni wangapi kati yenu huja kliniki na maumivu ya chini ya tumbo, mnapewa vidonge, mnarudi baada ya miezi mitatu na maumivu yale yale, na hakuna aliyewauliza choo mnachotumia kina mlango? Sisi hatukuwauliza. Tunasema wazi.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Mwalimu akasema, "Dada, nadhani." Tukasimama na kanga, Mama Mchungaji huku na sisi kule. Mkojo ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi, na ulimchoma. Hatujapata kufurahia kitu kama kile tangu watoto wetu wenyewe walipozaliwa. Tuliupima kwa macho, tukamwita Oom kutoka kona ya mto na kumwambia avue viatu, hakuna safari ya usiku.

Kule kuchoma kulituhangaisha, na haikuwa bure. Tuliporudi Windhoek mkojo wake ulipimwa, wakakuta maambukizo, akatumia dawa akapona. Homa hakupata. Kesho yake alitembea taratibu, shanta lake tumeligawana watu wanne, tukafika Palm Springs kabla ya saa sita. Maji ya pale yana nyuzi 57, yananuka kama yai bovu, na yamezungukwa na mitende. Wenyeji husimulia kwamba mitende hiyo ilitokana na kokwa za tende za askari wawili wa Kijerumani waliojificha hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mmoja akapona kansa ya ngozi na mwingine pumu kwa kuoga. Tende tunaziamini. Kansa iliyo ngozini mpelekeni mgonjwa hospitali.

Lakini tulisema ni siku moja. Usiku wa siku ile tulikula wali na dagaa, tukampangia Mwalimu katikati ili tumsikie akigeuka. Alikuwa amefikisha lita mbili na nusu. Mchungaji na Oom walilala ng'ambo ya jabali, na tulisikia mmoja wao akikoroma, hatutasema nani. Ilipofika kama saa saba za usiku tuliona Mwalimu ameketi. Safari hii hakuangalia kama tumelala. Alitutikisa bega.

"Dada," akasema, tena kwa sauti ya kawaida ya darasani, "amka unishikie tochi."